Fundi Saa Yuko Wapi?

Jumatatu, 3 Machi

Paa la nyumba yangu limeng'olewa asubuhi, mvua imeanza mchana. Fundi wa paa anasema ni bahati mbaya. Mimi nasema ni fundi wa paa. Nimehamia kwa Shangazi na masanduku mawili na kompyuta yangu, mpaka mvua ziishe au fundi apate akili, lolote litakalotangulia. Daftari hili nimelikuta tupu chini ya nguo. Nitamalizia hasira humu, kwa sababu Shangazi hapendi kelele.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nimefanya kazi za ofisi, kuandika programu, kwenye meza ya Shangazi. Anapita nyuma yangu na chai bila kumwaga tone, mimi mwenye macho mawili nimeimwaga juu ya kibodi.

Alhamisi, 6 Machi

Leo Shangazi kasema kilichomkaa rohoni.

Niandike vizuri, maana jambo lenyewe si dogo. Shangazi ni dada mkubwa wa baba yangu. Surua ilimchukua macho akiwa na miaka saba. Kwa miaka thelathini na minne amekaa katika chumba cha simu cha hospitali, akiunganisha wodi na wodi, daktari na daktari. Wanamwita Mama Simu. Tarehe 30 Mei anastaafu, na siku hiyohiyo chumba kinafungwa, kwa sababu kila ofisi sasa ina simu yake.

Hakuna anayelilia chumba. Tatizo ni kazi ambayo hakuna aliyemwajiri nayo. Damu ikipungua, Shangazi ndiye anayewapigia wachangiaji. Wapo mia mbili na kumi na wawili, na wote wako kichwani mwake: namba ya simu, kundi la damu, mwezi aliochangia mara ya mwisho, nani asipigiwe kabla ya saa nne, nani lazima uulize kwanza hali ya mke wake. Majina yao ni siri ya hospitali, hivyo amewapa lakabu: Mwalimu wa Hesabu, Fundi Saa, Mama wa Mapacha, Dereva wa Trekta. Kadi zao, zenye lakabu hizohizo, zipo maabara, lakini nusu ya namba kwenye kadi zimekufa zamani. Anayejua mpya ni yeye.

"Nikiondoka watabandika tangazo ukutani," alisema. "Tangazo halimwulizi mtu hali ya mkewe."

"Sasa unataka nini, Shangazi?"

"Hiyo lugha yako ya kompyuta yenye jina la chatu, Python. Inang'ata?"

"Haing'ati. Inakera tu."

"Basi nifundishe niwaweke humo."

Nikamwambia ningemwandikia mwenyewe kwa siku mbili, tena na chenji ikabaki. Akakataa katakata. "Nikiandikiwa nitakuwa nimekabidhi kitu nisichokijua. Watu hawa waliniamini mimi, mwanangu. Hawakukuamini wewe."

Nilicheka kwa adabu. Kimoyomoyo nilisema: mwanamke wa miaka sitini, asiyeona, wiki kumi na mbili. Mungu atusaidie.

Jumapili, 9 Machi

Somo la kwanza. Kompyuta yake ina sauti inayomsomea kila kilichoandikwa, herufi kwa herufi akitaka. Anaiita Kasuku. Inasema kwa kasi hata mimi nasikia mawe yakisagwa tu, yeye anasikia maneno.

Ameandika orodha ya watu watano, kila mmoja ndani ya alama zake za kunukuu. Nikamweleza kwamba mashine huanza kuhesabu na sifuri.

"Wa kwanza anaitwa sifuri?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Mtu atoe damu yake, halafu mumwite sifuri?"

Akaandika mzunguko wa kuwasoma wote, akauanzisha kwenye moja kama binadamu yeyote mwenye heshima zake. Kasuku akataja wanne. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Mwalimu wa Hesabu hayumo." Nikamwonyesha njia nyingine: `for mtu in orodha`, yaani mchukue kila mtu kwa zamu yake, usihangaike na namba za viti. Hiyo ikampendeza. "Hapo sasa mmekuwa watu," akasema.

Jumatano, 12 Machi

Umeme ulikatika, Shangazi akanipa pole. Nilimwuliza alijuaje, Kasuku anatumia betri. "Umegonga meza na kutukana," akasema.

Jumamosi, 15 Machi

Leo programu yake ilitakiwa kukusanya watu wote wa kundi O hasi kwenye orodha moja. Wako tisa. Kasuku akamtaja mmoja tu, wa mwisho, akanyamaza.

Mimi niliona kosa kwa mtupo mmoja wa jicho. Ni kosa ambalo kila mwanafunzi hulifanya: mstari wa `wapatikanao = []`, unaotengeneza orodha tupu, alikuwa ameuweka ndani ya mzunguko. Nikajiegemeza kitini nikisubiri kuombwa msaada. Nilikuwa nimeshaandaa na mfano wa kueleza.

Hakuniomba. Alimrudisha Kasuku mwanzo, akamsikiliza mstari kwa mstari. Kasuku hutaja nafasi zilizo mbele ya kila mstari: "nafasi nne", "nafasi nane". Mistari isiyo na nafasi Shangazi anaiita ya uani, na yenye nafasi anaiita ya ndani ya nyumba.

"Huyu wa kapu," akasema, "anafanya nini ndani ya nyumba?"

"Kapu gani?"

"Kapu la kukusanyia. Liko ndani. Kila akiingia mtu, kapu linakuja jipya, la zamani linakwenda na waliomo. Lazima abaki wa mwisho." Akalitoa uani. Kasuku akawataja wote tisa, naye akawa anatikisa kichwa kwa kila mmoja kama anayepokea salamu.

Niliuhifadhi mfano wangu.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua, mvua, mvua. Fundi wa paa hapokei simu.

Alhamisi, 27 Machi

Nimepigwa chenga leo na nakiri.

Watu sita wa kundi A hasi hawakutokea kabisa. Wamo kwenye orodha, programu inawatafuta, na haiwaoni. Niliuchunguza mzunguko saa nzima. Nikaubomoa, nikaujenga upya. Nikaanza kuilaumu kompyuta, dalili ya kwamba nimeishiwa.

Shangazi alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Mrudie Kasuku kwa hao sita."

Nikamrudia.

"Mbona baada ya 'hasi' anavuta pumzi?"

Sikusikia pumzi yoyote. Akanisogeza, akaenda herufi kwa herufi, na Kasuku akasema: nafasi. Katika watu hao sita, mtu alikuwa amebonyeza nafasi moja tupu baada ya neno. Mtu huyo ni mimi, nilimsaidia kuandika jioni moja ili twende haraka. Jicho haliwezi kukiona kitu hicho, ni weupe juu ya weupe. Yeye alikisikia akiwa na ungo mkononi.

Nimelala kitandani nikifikiri miaka yangu kumi ya kazi hii. Nimekuwa nikiangalia tu.

Ijumaa, 4 Aprili

Imekamilika! Shangazi amewaingiza wote mia mbili na kumi na wawili kwa vidole vyake, hata wale sita wangu amewaandika upya, kwa mpangilio ule walioingia kichwani mwake, kuanzia mchangiaji wa mwaka wake wa kwanza kazini. Unaiambia programu kundi la damu. Inapanga foleni ya watu wa kundi hilo, inamchukua mmoja mmoja. Aliyechangia chini ya miezi minne iliyopita anatolewa kwenye foleni. Aliyetimiza muda anatajwa pamoja na namba yake na neno la kumwambia.

Niliijaribu kwa watu kumi. Wa mwisho kwenye foleni nilimfanya awe amechangia juzi. Akatolewa, tisa wakatajwa, safi kabisa. Nikasema, "Shangazi, imeiva."

"Una hakika?"

"Mimi ndiyo kazi yangu hii."

Naandika maneno hayo hapa ili niyakumbuke.

Jumatano, 9 Aprili

Tumeipeleka hospitali. Mtunza benki ya damu ni bwana mmoja mrefu wa maabara ambaye wauguzi wanamwita Jokofu, kwa sababu ya friji yake ya damu na kwa sababu ya uso wake. Alitazama programu ikifanya kazi, akasema "Mm." Shangazi anasema kwa Jokofu hiyo ni hotuba.

Alhamisi, 10 Aprili

Niandike yote.

Nilikwenda hospitali saa nane mchana kumfundisha Jokofu namna ya kufungua programu. Mvua ilikuwa inapiga mabati hata tukawa tunapaza sauti. Muuguzi wa wodi ya wazazi akaingia bila kubisha. Mama amejifungua, mtoto mzima, mama anavuja damu haikatiki. Kundi O hasi. Jokofu akafungua friji na kuifunga. Hakuna hata mfuko mmoja. Akapiga simu kituo kikuu cha damu. Gari lipo tayari, daraja limefunikwa na maji, wanazunguka njia ya mlimani, saa nne nzima.

Wote wawili wakanitazama mimi. Hapana, waliitazama kompyuta.

Nikaandika O hasi. Programu ikataja watu wawili: Mwuza Vitabu, na Mama wa Mapacha. Jokofu akampigia wa kwanza. Yuko safarini, nchi ya mbali. Akampigia wa pili. Mama wa Mapacha anakaa nyuma ya hospitali, akafika baada ya dakika kumi akiwa ameloa chapachapa, akakunja mkono wa gauni kabla hajaambiwa. Wakampima kidole. Damu yake mwenyewe haitoshi, hawezi kutolewa. Akaanza kulia, akisema nitoeni tu, nitoeni tu.

"Basi," Jokofu akasema. "Mashine imesema wawili."

Nami nilisimama pale, na jambo ninaloliona aibu kuliandika ni kwamba niliamini. Mashine imesema wawili, basi ni wawili.

Nikakimbilia chumba cha simu, mwisho wa korido. Shangazi alikuwa na hedifoni sikio moja. Nikamweleza kwa pumzi za vipande. Hakuniuliza mgonjwa ni nani wala friji ina nini. Aliuliza swali moja.

"Fundi Saa yuko wapi?"

"Nani?"

"Fundi Saa. Alichangia mara ya mwisho mwezi wa kumi. Amekwishatimiza miezi yake. Mbona humtaji?"

"Hakutokea, Shangazi."

Akageukia bodi yake. Vidole vikapiga namba kwa mkupuo mmoja, bila kusita hata kwenye tarakimu moja, na nikasikia simu inaita, ikaita, ikaita. Ikapokelewa.

"Fundi, hapa hospitali. Goti la mama linaendeleaje? Haya, ashukuriwe Mungu. Nina mama mwingine hapa, kajifungua sasa hivi. Ndiyo. Ndiyo, sasa hivi. Daraja la juu linapitika kwa miguu, la chini usilijaribu."

Alijua hata daraja. Amekaa chumba kisicho na dirisha na alijua daraja lipi linapitika, kwa sababu mtu wa jikoni alimpigia asubuhi kueleza kwa nini amechelewa.

Fundi Saa alifika baada ya dakika thelathini na tano. Ni mzee mdogo wa mwili, ana lenzi yake ya kazi imening'inia shingoni, alisahau kuivua. Alitembea kwenye mvua ile njia nzima. Walimtoa damu, Jokofu akaipima mbio mbio, mfuko ukapelekwa wodini ungali na joto la mtu. Mfuko ule ulimshikilia yule mama mpaka gari lilipofika.

Yuko hai. Niliambiwa kabla hatujaondoka. Yuko hai na ameomba chai.

Njiani Shangazi alinishika kiwiko. Nikamwambia, "Ingekuwa mwezi wa sita, usingekuwepo."

"Ndiyo," akasema. "Nalifikiria hilo."

Ijumaa, 11 Aprili

Jokofu amesema programu iondolewe. Mganga mkuu amesema itabaki ikiwa tu, siku ya mwisho ya Mama Simu, italingana na kichwa chake mtu kwa mtu mbele ya kadi. Isipolingana, ni tangazo ukutani.

Sijaisoma ile programu. Naogopa kuifungua.

Jumamosi, 12 Aprili

Asubuhi nilipiga moyo konde nikafungua. Kosa nililiona mara moja, uso ukaniwaka moto. Liko kwenye kila kitabu cha wanaoanza. Nililipitisha kwa sababu nilijaribu kwa watu kumi, na niliyemtoa alikuwa wa mwisho.

```
for mtu in foleni:
    if amechangia_karibuni(mtu):
        foleni.remove(mtu)
    else:
        mtaje(mtu)
```

Yaani: kwa kila mtu kwenye foleni, akiwa amechangia karibuni mtoe, la sivyo mtaje. Nikamwambia Shangazi, "Usiondoe kitu kwenye orodha wakati unaizunguka. Ni sheria."

"Kwa nini?"

"Inaharibika."

"Inaharibikaje?"

Nimeijua sheria hii miaka kumi na nilikuwa sijawahi kuulizwa hivyo.

Akaenda kibarazani, akarudi na kamba na vibanio tisa vya nguo. Akaifunga kamba kutoka kitasa mpaka kiti, akavipanga. Vibanio sita akavifunga uzi: wale waliochangia karibuni. "Huyu Mwuza Vitabu," akasema akivigusa. "Mama wa Mapacha. Dereva wa Trekta, ana uzi. Fundi Saa. Hawa watano wa mwisho wote wana uzi. Sasa wewe kuwa mashine. Niambie unafanya nini, hatua kwa hatua, usiruke."

"Naanza nafasi ya kwanza. Namtaja."

Kidole chake kikagusa kibanio cha kwanza.

"Nafasi ya pili. Namtaja. Nafasi ya tatu, Dereva, ana uzi. Namtoa."

Akakibandua kibanio cha Dereva. "Na waliobaki?"

"Wanasogea. Mashine haiachi pengo kwenye orodha."

Akavisogeza vyote, vikabanana. Kidole chake kilibaki palepale, nafasi ya tatu. "Kisha?"

"Kisha naenda nafasi ya nne."

Kidole kikasogea. Kikasimama. Mvua nje ilikuwa imepunguza, nikasikia saa ya ukutani.

"Rudi," akasema polepole. "Nilipomtoa Dereva, Fundi Saa alisogea akakaa kwenye kiti cha Dereva. Pale kidole changu kilipokuwa. Halafu mimi nikasonga mbele. Sikumwuliza. Sikumtoa wala sikumtaja." Akarudisha kidole nyuma, akakishika kile kibanio kimoja kwa vidole viwili, kwa upole mno. "Kapita chini ya kidole changu. Kasogea mbele kwa adabu kama watu wanavyosogea kwenye foleni, na mimi nikamruka."

Sheria niliyoikariri chuoni nikiwa na miaka ishirini ilikuwa imesimama mbele yangu, na nilikuwa sijapata kuiona sura yake. Nimeandika mizunguko maelfu. Yeye ana wiki tano za Python na kamba ya kuanikia nguo, na ameingia mpaka mahali ambapo mashine inamwacha mtu.

Nikatoa machozi. Najua hayaonekani, nikajitia kupiga chafya.

"Usilie," akasema. "Tuitengeneze."

Aliitengeneza mwenyewe. Foleni haiguswi tena. Kapu tupu linakaa uani, mzunguko unapita kwa kila mtu, aliyetimiza muda anaongezwa kapuni, asiyetimiza anaachwa alipo. Hakuna anayetolewa, hakuna anayesogea. Kasuku akataja watatu wa O hasi. Fundi Saa wa tatu.

"Mrudie," Shangazi akamwambia Kasuku, ingawa Kasuku hasikii. Akabonyeza tena, ili amsikie tena.

Jumatano, 16 Aprili

Nimeanza kujaribu mizunguko yangu ya ofisini kwa vibanio. Kosa moja limepatikana, la miaka miwili. Sijamwambia bosi nimelipataje.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua kubwa, ndipo fundi wa paa akaja leo kupima. Amepima, amekwenda.

Ijumaa, 9 Mei

Tunajaribu kila jioni baada ya kazi. Nampa kundi, anataja kwa kichwa, Kasuku anafuata. Mwanzoni nilikuwa nikitega makosa ili nione kama watanaswa. Siku hizi namsikiliza yeye tu. Yeye hawasomi watu wake kama orodha. Anamtaja mtu na uso wake unabadilika kidogo kwa kila mmoja, kwa huyu anatabasamu, kwa yule anakunja kipaji.

Nimemwuliza anawezaje kukumbuka watu mia mbili na kumi na wawili ambao hajawahi kuwaona.

"Ningekuwa nimewaona ningewasahau," akasema. "Watu wenye macho mnasahau sana. Mnajua mtaona tena."

Ijumaa, 23 Mei

Mvua zinakatika. Nyumba yangu ina paa. Sijaondoka.

Ijumaa, 30 Mei

Siku yenyewe.

Tulikuwa wanne kwenye chumba cha simu: Shangazi kwenye kiti chake, mimi kwenye kompyuta, Jokofu na visanduku vyake vya kadi, na mganga mkuu amesimama mlangoni akitazama saa. Programu iliulizwa makundi yote kwa mpigo: nani anaweza kuitwa leo? Ikahesabu watu mia moja na kumi na wanane. Tukakubaliana Shangazi atangulie kumtaja mtu, Kasuku afuate, Jokofu atie alama kwenye kadi.

Wakaanza. Mwalimu wa Hesabu, akasema Shangazi. Mwalimu wa Hesabu, akasema Kasuku. Tiki. Wakaendelea hivyo, sauti ya mtu na sauti ya mashine, na baada ya watu thelathini mganga mkuu aliacha kutazama saa. Baada ya hamsini akaingia ndani, akaketi juu ya sanduku la karatasi. Nimewahi kuona programu kubwa zikiwashwa mbele ya wakubwa wenye suti. Sijawahi kuona watu wakiisikiliza moja kama walivyoisikiliza hii.

Mtu wa themanini na saba.

"Mshona Viatu," akasema Shangazi.

"Mpiga Chapa," akasema Kasuku.

Jokofu akainua kalamu, hakuandika. Nikajua yamerudi yaleyale, mzunguko umekosea kiti, tumebaki na tangazo ukutani. Nikaivamia kibodi. Nikapita mstari kwa mstari, kapu uani, mzunguko, sharti, kuongeza. Hakuna kilichotolewa. Hakuna aliyesogea. Nikapita mara ya pili, jasho likinitoka kwapani.

"Ngoja," akasema Jokofu. Alikuwa amefungua kisanduku kingine. Akatoa kadi, akaisogeza karibu na taa. "Mpiga Chapa. B chanya. Amechangia tarehe kumi na nne Januari. Ametimiza. Anastahili kuwemo."

Nikamgeukia Shangazi.

Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya bodi yake, midomo imefunguka kidogo. Alikuwa anatafuta. Nilimwona akitafuta ndani kabisa, mahali ambapo hajawahi kukuta patupu.

"Anakohoa kabla ya kusema halo," alisema mwishowe, taratibu. "Mpiga Chapa. Nilimwandika mwenyewe mwezi wa tatu. Nimemruka."

Mganga mkuu akakohoa. Jokofu, yule Jokofu, akamwinamia akasema kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Ni mmoja tu, Mama. Mmoja kati ya mia moja na kumi na wanane."

"Fundi Saa naye alikuwa mmoja," akasema Shangazi.

Akasema tuendelee, tukaendelea mpaka wa mwisho, na wote waliobaki walilingana. Mganga mkuu akasema programu inabaki, akasema na maneno mengine ya shukrani ambayo nilipaswa kuyashika na sikuyashika. Nilikuwa namtazama Shangazi. Nilidhani nitamwona ameumia. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyebeba ndoo kichwani mwendo mrefu, akatokea mtu nyuma akamtua.

Walipotoka akaniita.

"Nitafutie namba ya Mpiga Chapa."

Nilisubiri aitaje mwenyewe, kwa mazoea. Hakuitaja. Nikambonyezea Kasuku, na Kasuku akamsomea tarakimu moja moja. Shangazi akawa anasikiliza kila moja mpaka mwisho, kisha anaipiga, kisha anasubiri inayofuata. Miaka thelathini na minne, na hii ilikuwa namba ya kwanza aliyokubali kusomewa.

Ikaita. Mtu akakohoa upande wa pili.

"Mpiga Chapa?" akasema Shangazi. "Hapa hospitali. Hapana, baba, kaa tu, leo hakuna mgonjwa. Nimekupigia kukusalimu."